Akiba Haiozi, Lakini Samaki Huoza
Kifaa kidogo cha kufyonza hewa na kazi yake katika friza ya nyumbani

Wahenga walituachia neno lao kwamba akiba haiozi. Neno hili ni kweli kwa fedha, kwa wema na kwa elimu. Lakini mama wa nyumbani wa Mombasa, Malindi au Lamu, aliyeletewa nguru wa kilo nne saa sita za mchana katika miezi ya joto, anajua vyema kwamba iko akiba inayooza, tena huanza kuharibika kabla hata ya adhana ya alasiri.

Wazee wetu hawakukaa mikono mitupu mbele ya tatizo hili. Walipasua samaki wakamtia chumvi na kumwanika juani akawa ng'onda. Walikausha papa na kamba. Maembe mabichi waliyafanya achari, na ndimu wakazitia chumvi ndani ya mitungi. Ukizitazama njia hizi kwa makini, utaona kwamba zote zina shabaha moja, nayo ni kumnyima mharibifu kile anachokihitaji. Jua humnyima maji, na chumvi nayo humnyonya maji hayo hayo.

Kisha ikaja friza, na pamoja nayo njia ya tatu, yaani baridi. Siku hizi katika maduka ya vyombo pameingia kitu kingine, kidogo kama tochi, chenye betri ndani, ambacho kazi yake ni kufyonza hewa kutoka katika mfuko au chombo cha chakula kabla hakijatiwa barafuni. Wengi wamekinunua, wengine wameletewa zawadi na jamaa walio Ughaibuni. Baadhi wamekipenda, na baadhi wamekitupa kabatini baada ya wiki mbili. Wako pia waliokiamini kupita kiasi, na hao ndio wenye hatari. Inafaa basi tukitazame kifaa hiki kwa utulivu, tujue kinachoweza na kisichoweza.

NI NINI HASA?

Msomaji asidanganyike na jina. Vitu vya aina tatu huuzwa kwa jina linalokaribiana. Cha kwanza ni pampu ya mkono. Huwekwa mdomo wake juu ya kitundu chenye ulimi wa mpira kilicho katika mfuko au katika kifuniko cha bakuli, hubonyezwa kidude, hewa hutoka, na ule ulimi huzuia hewa isirudi. Cha pili hufyonza hewa na papo hapo huuchoma mdomo wa mfuko kwa moto mdogo hata ukashikana. Cha tatu, ambacho ndicho cha bei nafuu kabisa, huuchoma mdomo wa mfuko tu na hakifyonzi chochote. Hiki cha tatu kinafaa kuufunga mfuko wa biskuti, lakini kwa friza hakina msaada mkubwa. Kabla hujatoa pesa zako, mwambie muuzaji akuonyeshe kikifanya kazi.

Wengi hudhani kwamba kifaa ndicho kinachoubana mfuko ukashikamana na nyama. Sivyo. Hewa iliyotuzunguka ina uzito. Hapa pwani, usawa wa bahari, hukandamiza kila sentimita mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo moja. Hatuuhisi mkandamizo huo kwa sababu uko ndani na nje ya miili yetu. Hewa ya ndani ya mfuko ikiondolewa, ile ya nje haina wa kuizuia tena, nayo huusukuma mfuko ukakibana chakula. Jambo hili lilidhihirishwa zamani na Mjerumani Otto von Guericke, meya wa mji wa Magdeburg, aliyeunda pampu ya kunyonya hewa yapata mwaka 1650. Alikutanisha nusu mbili za tufe la shaba, akanyonya hewa iliyokuwamo, kisha akafunga farasi kila upande, wakavuta wasiweze kuzitenganisha. Kile kidude kilicho jikoni kwako ni mjukuu wa pampu ile, ingawa nguvu zake ni chache. Hakiondoi hewa yote. Huondoa sehemu kubwa, na kwa friza ya nyumbani hiyo yatosha.

FAIDA YAKE

Umepata kutoa nyama katika friza ukaiona ina mabaka meupe, makavu, kama iliyobabuka? Mabaka hayo hayaletwi na uozo. Hewa ya friza ni kavu sana, na barafu iliyo juu ya nyama hugeuka mvuke bila hata kupitia hali ya maji. Mvuke huo huenda ukaganda pembeni mwa mfuko kama theluji, nayo nyama hubaki kavu kama ubao. Kula utaila bila ya kudhurika, lakini ladha imekwenda zake. Pasipokuwa na nafasi kati ya mfuko na nyama, mvuke haupati pa kwenda.

Faida ya pili ni ya mafuta. Samaki wenye mafuta mengi, kama vibua na jodari, huharibika ladha hata wakiwa barafuni, kwa kuwa hewa huyageuza mafuta yao yakawa na harufu kali. Ukiondoa hewa, umemwondoa mwizi huyo. Faida ya tatu ni ya nafasi. Vifurushi bapa hupangika kama vitabu, hugandishwa upesi, na huyeyuka upesi.

Kwa sisi wa pwani faida hizi zina majira yake. Kaskazi inapovuma bahari hutulia, wavuvi hutoka, na samaki huwa wengi. Kusi ikianza kupiga, mawimbi huwa makali, mashua ndogo hubaki ufuoni na bei ya kitoweo hupanda. Samaki wasio na mafuta mengi, kama changu na tewa, waliofungwa vizuri hukaa katika friza miezi 6 hadi 8 na ladha yao. Wale wa mafuta yafaa waliwe ndani ya miezi 2 au 3. Mwenye hesabu nzuri aweza basi kununua kwa bei ya kaskazi akala wakati wa kusi.

KOSA LA ZAMANI LINALORUDI

Sasa tufike penye jambo zito. Mwaka 1810 Mfaransa Nicolas Appert alipata tuzo ya faranga 12,000 kutoka kwa serikali ya nchi yake kwa kugundua jinsi ya kuhifadhi chakula katika chupa. Alikijaza chakula, akaziba kwa kizibo, kisha akazichemsha chupa hizo kwa muda mrefu. Chakula kilikaa bila kuoza. Watu wa zama zake wakaamini kwamba siri imo katika kuiondoa hewa. Ilichukua nusu karne hata Louis Pasteur alipoonyesha kwamba waharibifu ni vijidudu, na kwamba ule moto ndio uliowaua. Tena mwaka 1861 Pasteur huyo huyo akaeleza jambo la ajabu zaidi, kwamba wako vijidudu ambao hewa kwao ni adui, na huishi vizuri zaidi pasipo na hewa.

Mmoja katika hao huitwa Clostridium botulinum. Mwaka 1895, katika kijiji cha Ellezelles huko Ubelgiji, wapiga muziki waliokuwa wametoka maziko walikula nyama iliyohifadhiwa kwa chumvi. Wengi walipatwa na maradhi ya kupooza, na watu 3 wakafa. Profesa Emile van Ermengem alichunguza nyama ile, akamkuta ndani yake kijidudu huyo anayetengeneza sumu mahali pasipo na hewa. Nyama hiyo haikuonekana kuwa imeoza.

Hapa ndipo lilipo fundisho kwa mwenye kifaa chetu. Hewa na uozo si kitu kimoja. Ukimfunga samaki katika mfuko usio na hewa kisha ukamwacha juu ya meza, au ukamweka siku nyingi katika friji ya kawaida, umewaondoa wale vijidudu wenye kutoa harufu ya kukuonya, ukampa nafasi yule asiyekuonya. Aina mojawapo ya kijidudu huyu, inayopatikana sana kwa samaki, huweza kukua hata katika baridi ya nyuzi 4. Kwa hiyo sheria ya kwanza ni kwamba kilichofyonzwa hewa na kikawa kibichi au kimepikwa, kiende katika friza ya nyuzi 18 chini ya sufuri, wala si kabatini. Sheria ya pili, ambayo wengi hawaijui, ni kwamba unapotaka kuyeyusha samaki, ufungue mfuko kwanza au uutoboe, uingie hewa, ndipo umwache ayeyuke ndani ya friji.

Tena tusidhani kwamba barafu huua. Vijidudu wengi hulala tu. Wakipata joto huamka na kuendelea pale walipoachia. Samaki aliyekwisha kulegea macho hapati ujana tena kwa kufyonzwa hewa. Jodari, nguru na vibua wakikaa katika joto hutengeneza kitu kiitwacho histamini, ambacho humfanya mlaji kuwashwa, kuiva uso na kuumwa na kichwa, nacho hakiondolewi kwa kupikwa wala kwa kugandishwa. Mtie samaki barafu tangu pwani, mwoshe, mtoe matumbo, mfunge siku hiyo hiyo.

NAMNA YA KUFANYA

Kwanza, poza. Chakula cha moto hujaza mvuke ndani ya mfuko na pampu hunyonya maji hata ikafa. Lakini usikiache kikapoa mchana kutwa. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na katika joto letu linapozidi nyuzi 32, saa 1 yatosha. Kitandaze katika sinia pana, au tumbukiza sufuria katika beseni la maji baridi.

Pili, kausha. Nyama na samaki wapanguswe kwa kitambaa safi. Unyevu hukimbilia kwenye kitundu na kukizuia kisifunge barabara. Mifupa mikali na miiba ifunikwe kwa kipande cha karatasi ya kupikia, isije ikatoboa mfuko.

Tatu, gandisha kwanza kilicho laini na kilicho majimaji. Mchuzi, supu na tui vitiwe katika bakuli au trei ya barafu, vikiganda vitolewe vifungwe. Sambusa zipangwe katika sinia, zigande saa chache, ndipo zitiwe mfukoni. Ukizifyonza zikiwa mbichi na laini utazitoa zimepondeka, manda huku na nyama huku.

Nne, futa mdomo wa mfuko. Punje moja ya wali au nywele moja ya nazi yatosha kuipitisha hewa. Acha sentimita 5 au zaidi kati ya chakula na kifungio. Baada ya kufyonza ngoja dakika chache. Mfuko ukilegea, fungua ufunge upya.

Tano, andika. Jina la chakula na tarehe, iwe ya Kiislamu au ya Kizungu. Cha zamani kiwe mbele, kipya nyuma. Friza isiyo na tarehe ni kaburi.

KIPI KINAFAA?

Nazi iliyokunwa hugandishwa vizuri sana. Tui nalo hugandishwa, na ingawa hukatika likiyeyuka, ukilikoroga juu ya moto mdogo hurudi. Mbaazi na maharagwe yaliyochemshwa yanafaa kabisa. Chapati zitenganishwe kwa karatasi. Mahamri yaliyokaangwa na kupoa yagandishwe kwanza kama sambusa. Nyama ya kusaga ikandamizwe iwe bapa, na itumiwe ndani ya miezi 3 au 4. Vyakula vilivyopikwa, kama mchuzi wa biriani, yafaa viliwe katika miezi 2 au 3. Mchuzi na wali vifungwe mbali mbali.

Mboga za majani, kama mchicha na sukumawiki, zataka zitumbukizwe katika maji yanayochemka kwa dakika 2 au 3, kisha katika maji ya barafu, zikamuliwe ndipo zifungwe. Usipofanya hivyo hubadilika rangi na ladha. Kabeji isipopitishwa motoni hutoa gesi na kuuvimbisha mfuko uliouhangaikia.

Viazi vya kuchemsha huwa majimaji vikiyeyuka. Kachumbari, matango na saladi hazifai kamwe. Mayai yasitiwe na maganda yake, hupasuka.

STIMA NA SHERIA

Friza ni mtumishi wa stima, na stima hupotea. Usiifungue. Friza iliyojaa, ikiachwa imefungwa, huhifadhi baridi yake kwa karibu saa 48, na iliyojaa nusu kwa karibu saa 24. Kwa hiyo jaza nafasi zilizo wazi kwa chupa za maji yaliyoganda. Stima ikirudi, chakula ambacho bado kina chembe za barafu chaweza kugandishwa tena, ingawa ladha itapungua. Kilicholegea na kupata joto, usikihurumie. Tena usikionje ili kukipima.

Jambo jingine ni mifuko yenyewe. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, Kenya imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea na ile ya bapa itumikayo kufungia vitu madukani na majumbani. Kabla ya kununua bunda la mifuko, au kumwagiza jamaa akuletee kutoka ng'ambo, ulizia kwanza kama aina hiyo inaruhusiwa. Njia iliyo salama zaidi ni kuchagua kifaa kinachotumika pia kwa vyombo vigumu vyenye kifuniko cha kitundu. Vyombo hivyo huoshwa na kurudiwa mwaka baada ya mwaka, navyo havitaishia baharini kwenye tumbo la kasa. Mapungufu yake ni kuwa huchukua nafasi kubwa, na kwa kuwa havishikamani na chakula, havikizuii kukauka sawa na mfuko.

NANI ANAFAIDIKA?

Mwezi wa Mlisho ukiingia, majumbani mwetu huanza shughuli ya manda na nyama ya kusaga. Sababu yajulikana. Mwezi wa Ramadhani, tangu baada ya adhuhuri mpaka magharibi, wanawake wengi husimama mbele ya jiko huku wamefunga kama wenzao, na baada ya futari huja vyombo, kisha matayarisho ya daku. Mume na vijana hutangulia tarawehe, mama hufuata akiwahi. Kumi la mwisho, ambalo ndilo bora, humkuta amechoka kabisa. Kama sambusa 200, mbaazi za wiki mbili na tui la mwezi mzima vimekwisha kutengenezwa katika Mlisho na viko salama barafuni, basi kifaa hiki kitakuwa kimempa saa zake. Lakini kikiwa ni sababu ya kumwongezea vyakula vya meza kutoka vitano hadi kumi, hakuna alichookoa. Jambo hili halimo mikononi mwa fundi aliyekiunda. Limo mikononi mwa wale wanaoketi kula.

Wako pia mama wanaopata riziki kwa kuuza vitafunio vya kugandishwa. Kwao usafi na tarehe ni amana, kwani mnunuzi haoni kilichomo ndani ya nyama ya sambusa, huamini tu mkono uliofunga.

Na katika Mfunguo Tatu, siku za Idd ya kuchinja, friza hujaa kuliko wakati wowote. Wenye elimu hutukumbusha kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, mwaka mmoja aliwakataza watu wasiweke nyama ya udhia zaidi ya siku tatu, kwa kuwa walikuja Madina maskini wenye shida. Mwaka uliofuata aliwaruhusu wale, watoe na waweke akiba. Kwa hiyo kuweka si haramu. Lakini sababu ya katazo lile yafaa ikumbukwe na kila mwenye friza kubwa. Zamani nyama ilimlazimisha mtu kugawa, maana isipogawiwa ingeoza. Sasa haimlazimishi. Mwenye kifaa cha kufyonza hewa anaweza kufunga mbuzi mzima akamla peke yake hadi Mfunguo Sita, na mlango wa pili jirani asionje hata mchuzi.

Basi kabla hujabonyeza kile kidude, tenga kwanza fungu la jirani na fungu la maskini, likiwa bado bichi na zuri. Litakalobaki, lipoze, likaushe, liandike tarehe, ulifunge. Wala usiache mbachao kwa msala upitao. Ng'onda na achari havihitaji stima, na usiku wa giza ndivyo vitakavyokulisha.